Kutotolesha vifaranga nyumbani kwa mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Busia, upande wa Uganda, na mashine yangu ya mayai 96 imekaa kwenye kona ya chumba cha kulala mwaka wa tano sasa. Hakuna wiki inayopita bila mtu kupiga simu au kubisha hodi na swali, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa.

Kuna jambo moja nimechoka kulirudia kwenye simu, basi nalitanguliza. Mashine haitengenezi kifaranga. Kifaranga kiko ndani ya yai tangu tetea alipotaga, na kazi ya mashine ni kutokiharibu kwa siku 21. Ukiona mtu anasifia mashine kabla hajakuuliza mayai umeyatoa wapi, huyo ni muuzaji.

Nina mayai kumi na mawili tu. Ninunue mashine?

Hapana. Mtafute kuku anayelalia. Kuku wa kienyeji hulalia mayai 10 hadi 14 vizuri kuliko mashine yoyote ya bei ya kwetu, hahitaji umeme, na vifaranga anawalea mwenyewe. Mashine ina maana pale unapotaka vifaranga 50 au 100 wa umri mmoja, au kuku wako wanapotaga bila kupenda kulalia.

Hata ukiwa na mashine, usimdharau kuku mlalizi. Mimi huacha mmoja alalie siku ile ile ninayojaza mashine. Mashine ikiniangusha, nina mahali pa kukimbizia mayai machache, na vifaranga wakitoka nampenyezea wengine chini ya mbawa usiku. Asubuhi hajui kuhesabu.

Naweza kutumia mayai ya trei kutoka dukani?

Mayai ya trei ya dukani, yale yale anayopasulia mwenye kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai), hutoka kwa kuku wa mayai waliofungiwa bila jogoo. Kuku hutaga bila kupandwa, ila yai hilo halina mbegu. Uliweke wiki tatu, uliweke miezi mitatu, utapata yai viza tu.

Nunua kwa mfugaji ambaye umeliona banda lake. Angalia kama majogoo wapo, wana afya na wanapanda. Uwiano wa kawaida ni jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10. Uliza pia kama kuku wamechanjwa na kama kuna waliokufa karibuni. Ugonjwa wa kuharisha kweupe na baadhi ya magonjwa ya mafua ya kuku hupita ndani ya yai kutoka kwa mama, na hakuna mashine ya kuuzuia.

Nimebadilisha jogoo. Mayai ya jogoo mpya yanaanza lini?

Tetea huhifadhi mbegu za jogoo tumboni kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Ukitaka uhakika kwamba vifaranga ni wa jogoo mpya, mwondoe wa zamani kisha subiri wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya. Kama damu si hoja kwako, siku kadhaa baada ya jogoo kuingia bandani mayai huwa na mbegu tayari.

Kuku wangu ni Kuroiler. Nikitotolesha mayai yao nitapata Kuroiler?

Utapata kuku, lakini si wale wa mwanzo. Kuroiler, aliyeletwa Uganda kutoka India mwaka 2010, ni chotara. Ukubwa wake unatokana na mbegu tofauti zilizokutanishwa kwa makusudi. Ukizalisha chotara kwa chotara, watoto hutawanyika: mmoja mkubwa, mwingine kama wa kienyeji wa kawaida, wa tatu katikati. Kwa kula nyumbani si vibaya. Kumwuzia jirani ukisema ni Kuroiler halisi, hapo unatafuta ugomvi.

Yai la kuweka kwenye mashine nalichaguaje, na linaweza kukaa siku ngapi?

Chagua la ukubwa wa kati, lenye umbo la yai (mrefu kama ndizi au mviringo kama limau, acha), ganda lisiloparuza na lisilo na ufa. Lililochafuka kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Usilioshe. Ganda lina matundu madogo mno na juu yake kuna utando unaozuia vijidudu. Maji huuondoa utando huo, tena maji baridi huvuta uchafu kuingia ndani.

Siku saba ndizo ninazoamini. Hadi kumi bado unapata kitu, zaidi ya hapo kila siku inapunguza. Yaweke ncha nyembamba chini, mahali penye nyuzi 13 hadi 18. Hapo ndipo wengi tunapokwama, maana nyumba ya bati Busia mchana haina nyuzi 18. Yai likikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 21 huanza kukua polepole, kisha likipoa linasimama, na kuanza na kusimama huko ndiko kunakoliua kabla hujalifikisha kwenye mashine. Friji nayo ni baridi mno. Mimi natumia chungu kikubwa kilichozikwa nusu kwenye mchanga nyuma ya nyumba, kivulini. Nalowesha mchanga asubuhi na jioni, na ndani ya chungu trei inabaki kavu. Chungu hicho kimeniongezea vifaranga kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Mayai yakifika kwa boda kutoka kijijini, barabara ya murram, usiyatie kwenye mashine siku hiyo hiyo. Yapumzishe usiku mzima ncha chini ili chumba cha hewa kitulie. Yaliyotoka mahali pa baridi yaache kwanza yafikie joto la chumba, la sivyo yatatoka jasho, na jasho hilo huingiza vijidudu kama maji ya kuoshea.

Ninunue mashine gani?

Yenye feni. Mashine isiyo na feni ina joto tofauti juu na chini, na kuisoma kunahitaji uzoefu ambao hujaupata. Zipo za plastiki zinazoingizwa kutoka China, na zipo za mbao zinazotengenezwa na mafundi wetu, Katwe kule Kampala na miji mingine. Za mafundi zina sifa moja: zikiharibika, aliyezitengeneza unamjua, na spea ziko sokoni. Kagua mlango unafunga vizuri, kuta zina kitu cha kuzuia joto lisitoke, na matundu ya hewa yapo.

Lakini hata iwe ya bei gani, usiamini namba iliyo kwenye kioo chake. Mashine yangu ya kwanza iliniandikia 37.5 siku zote 21, nami nikalala usingizi. Kati ya mayai 48 nilipata vifaranga 11, wote walitoka siku ya 19 na 20, wadogo, vitovu vibichi. Aliyeniuzia alisema mayai yangu ndiyo mabaya. Nilikuja kuipima baadaye, ilikuwa na nyuzi 39 ndani. Jina la duka nalihifadhi.

Ipime hivi. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali kutoka duka la dawa. Tia maji ya vuguvugu kwenye kikombe, chovya kipimajoto hicho pamoja na kile kidude cha waya cha mashine, kisha linganisha namba. Cha homa ni sahihi zaidi, na kwa bahati nzuri hupima palepale tunapopataka, kwenye 37 na kidogo. Kama kidude chako hakiruhusiwi kulowa, kifunge kwanza ndani ya kipande chembamba cha plastiki.

Kipima unyevu nacho kina mtihani wake. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama tope, weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Kinatakiwa kusoma 75%. Kikisoma 68, ujue daima utaongeza 7.

Joto na unyevu viwe kiasi gani?

Kwa mashine ya feni, nyuzi 37.5 tangu mwanzo. Isiyo na feni, pima usawa wa mgongo wa mayai na uweke kama 38.5. Joto likizidi kidogo siku zote, vifaranga hutoka mapema, wadogo, vitovu havijafunga. Likipungua, huchelewa, hutoka wazito na legelege. Kupanda ni hatari kuliko kushuka: nyuzi 40 na zaidi zikidumu, unapika.

Unyevu ni 50 hadi 55% mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70% hadi watoke. Watu wa kando ya ziwa huniuliza kwa nini waongeze maji na hewa yao tayari ina maji. Sababu ni kwamba hewa ikipashwa moto inakuwa kavu zaidi. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa 70% ukiipasha hadi 37.5 inabaki na kama 35%. Bakuli la maji ni lazima. Ukubwa wa uso wa maji ndio unaoongeza unyevu, kina cha bakuli hakisaidii kitu.

Mwenye mzani wa jikoni ana kipimo kizuri kuliko vyote. Yai linatakiwa kupoteza kama 12% ya uzito wake kufikia siku ya 18. Trei ya mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 1,350 siku ya kwanza iwe imepungua gramu 160 hivi. Ikipungua kidogo mno, unyevu umezidi. Ikipungua sana, ongeza maji.

Umeme ukikatika?

Kwanza nenda kaangalie Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Sitanii. Usiku mmoja siku ya 16 niliamka nikakuta chumba kimya, ule mvumo wa feni niliouzoea haupo. Nikaanza kulaani, nikachungulia dirishani: taa ya jirani inawaka. Yuniti zilikuwa zimekwisha, na kile kisanduku ukutani kilikuwa kimeonya kwa taa nyekundu tangu jioni. Nilikuwa naona, nikasema nitanunua kesho. Tangu hapo, wiki za mashine naweka yuniti za wiki tatu kabla ya kuweka yai.

Kama kweli ni giza mtaa mzima, usifungue mashine. Kila ukifungua kutazama, umemwaga joto. Ifunike kwa blanketi, lakini matundu ya hewa yaache wazi, hasa wiki ya mwisho ambapo vifaranga wanapumua kweli. Baada ya saa moja au mbili, pasha maji, jaza jerikeni za lita tano, zifunge kitambaa, uziweke ndani au ubavuni mwa mashine. Ziwe za vuguvugu, na zisiguse mayai.

Usikate tamaa mapema. Kuku mwenyewe huacha kiota nusu saa kwenda kula na mayai hayafi. Viinitete vya wiki ya kwanza hupunguza mwendo tu. Vya wiki ya tatu hutoa joto lao wenyewe, na mayai mengi yakikaa pamoja hupashana. Nimewahi kukaa saa tano bila umeme siku ya 12. Vifaranga walichelewa siku moja, niliopoteza ni wachache. Ukirudi umeme endelea kama kawaida, mulika mayai baada ya siku nne ndipo uamue. Nawajua waliotupa mayai mazima kwa sababu ya usiku mmoja wa giza.

Kuhusu betri, hesabu ni rahisi. Mashine ndogo ya wati 80 haivuti 80 muda wote, maana hita inawaka na kuzima. Chukulia 40 kwa wastani. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu ili betri isife mapema, yaani 600, toa zinazopotea kwenye inveta, unabaki na saa 12 hivi. Usiku mmoja. Ukiwa na paneli ya sola ya kuichaji mchana, huna haja ya maombi.

Kugeuza mayai ni lazima?

Lazima, hadi siku ya 18. Yai lisipogeuzwa, kiinitete hugandamana na utando wa ganda na kufa. Mashine isiyojigeuzia, geuza mara tatu au tano kwa siku. Namba witiri inasaidia ili upande uliolala usiku mrefu usiwe ule ule kila siku. Chora X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya ganda. Na mikono iwe safi: mtu katoka kukanda mafuta ya nazi kichwani anakuja kushika mayai!

Nitajuaje kama kuna kitu ndani?

Siku ya 7, usiku, zima taa. Tochi ya simu ipitishe kwenye kile kigogo cha karatasi cha toilet pepa, ukandamize upande butu wa yai juu yake. Lenye uhai linaonyesha kitone cheusi katikati na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Ukitulia utakiona kitone kikicheza. Jeupe kabisa lenye kivuli cha kiini tu halina mbegu. Lenye duara la damu bila mishipa lilianza likafa. Mayai ya ganda la kahawia ni magumu kusoma. Kama huna hakika, lirudishe.

Rudia siku ya 14. Lile linalonuka au kutoa jasho litoe haraka, tena kwa upole. Yai viza likipasuka ndani ya mashine huambukiza mengine, na harufu yake, chumba cha kulala, basi.

Mbona vifaranga wamekamilika lakini wamefia ndani ya ganda?

Hili ndilo swali la simu nyingi, na wanaouliza husikika kama waliofiwa. Siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji, fungua matundu ya hewa zaidi, kisha funga mlango. Wengi wanaharibu hapo. Kifaranga akidonoa ganda, mwenye mashine anafungua kutazama, anafungua tena kumwonyesha shemeji, unyevu unashuka, utando wa ndani unakauka na kumbana kifaranga kama gunia. Hawezi kuzunguka kumalizia kukata.

Sababu nyingine ni kinyume chake: unyevu ulizidi siku 18 za mwanzo, yai halikupoteza maji, chumba cha hewa kikawa kidogo na kifaranga akazama kwenye maji yake. Nyingine ni kugeuza kwa uvivu, na mashine iliyozibwa matundu. Ili ujue ni ipi, siku ya 23 pasua mayai yaliyobaki, nje, upepo ukikupa mgongo. Waliokufa wiki ya kwanza wakiwa wengi, lawama iko kwenye mayai au uhifadhi. Waliokufa mwishoni wakiwa wengi, iko kwako na mashine.

Kati ya mayai yenye mbegu, ukipata vifaranga saba kwa kila kumi umefanya vizuri.

Nimsaidie kifaranga kutoka?

Toka anapotoboa hadi anapotoka huchukua hata saa 24. Ametulia kwa sababu anamalizia kuvuta kiini tumboni na damu ya utando. Ukimvua ganda kabla, atatoka damu. Zikipita saa 24 bila mabadiliko na wenzake wote wamekauka, lainisha utando kwa maji ya vuguvugu na uvunje ganda kidogo kidogo. Ukiona damu, simama. Mimi nasaidia mara chache, kwa sababu wengi niliowasaidia hawakufika wiki.

Naweza kuchagua matetea kwa umbo la yai?

Hapana. Yai lenye ncha kali si jogoo, na pete inayoning'inizwa kwa uzi ni mchezo wa watoto. Jinsia imeshaamuliwa na tetea kabla yai halijapata ganda, na joto la mashine haliibadilishi.

Na bata, kanga, kware?

Kware siku 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28. Bata wa kawaida 28, lakini wale wenye sura nyekundu yenye matuta, ambao ndio wengi vijijini kwetu, ni 35. Watu huyatupa mayai yao siku ya 30 wakidhani yameharibika. Usichanganye na ya kuku, maana siku za kuacha kugeuza na kuongeza unyevu hazilingani.

Wakishatoka?

Waache ndani ya mashine mpaka manyoya yakauke. Kiini walichovuta kinawalisha siku mbili, hawafi njaa. Kisha wapeleke kwenye bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, yenye nyuzi 32 hadi 35, upunguze nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwetu wengi hutumia taa au chungu cha mkaa. Ukitumia sigiri, washia nje mpaka moshi uishe, na chumba kiwe na pa kupitisha hewa, maana mkaa huua vifaranga na mlezi pia. Watazame: wakirundikana, wana baridi, wakikimbilia kuta, wanaungua. Maji kwanza, chakula baadaye.

Chanjo ya mdondo (Newcastle) zungumza na daktari wa mifugo wa gombolola kabla vifaranga hawajatoka. Chupa ina dozi nyingi na ikishachanganywa haikai, kwa hiyo panga na majirani mchanje siku moja na mgawane gharama.

Nihesabu siku vipi?

Siku ya kuweka ni sifuri. Ukiweka Jumatatu jioni, tazamia Jumatatu, wiki tatu kamili baadaye. Andika tarehe kwenye mlango wa mashine, usitegemee kichwa.

Kabla ya kujaza tena?

Vifaranga wakitoka, mashine inabaki na vumbi la manyoya, maganda na kinyesi. Fagia, osha trei na kuta kwa maji ya sabuni, suuza, futa kwa klorini iliyochanganywa na maji, waya na feni usizilowanishe. Iweke juani mlango ukiwa wazi siku nzima. Halafu iwashe tupu siku moja mpaka joto litulie kwenye 37.5, ndipo ulete mayai.